Utupa si mmoja

Mwishoni mwa Februari 2012, maofisa wa uhifadhi wa jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, walikwenda Mto Rondegat katika milima ya Cederberg wakautia sumu mchana kweupe. Walikuwa na vibali. Walikuwa na vipimo vya maji, watafiti wa kuhesabu mizoga, na kemikali ya pili iliyomwagwa upande wa chini ili kuivunja nguvu ile ya kwanza isisafiri mbali. Aliyekusudiwa kufa ni samaki mgeni kutoka Amerika ya Kaskazini, aina ya besi, aliyekuwa amewala samaki wadogo wa asili mpaka kipande cha kilomita 4 hivi cha mto kikabaki chake peke yake. Mwaka uliofuata walirudia. Mgeni akaisha, wenyeji wakaanza kurudi.

Sumu ile inaitwa rotenoni, na ni zao la mimea ya jamii ya kunde. Iliyotumika Rondegat iliuzwa kwa jina la biashara lenye neno Legumine ndani yake, kwa hiyo hata wafanyabiashara hawakujali kuuficha ukoo wake. Huku kwetu, mmea wenye sumu ya ukoo huohuo unaota nyuma ya nyumba, kando ya njia na pembezoni mwa mashamba ya mihogo. Tunauita utupa. Mwanakijiji akikutwa mtoni na kikapu cha majani yake yaliyopondwa, hapewi mtafiti wa kumhesabia samaki. Anapelekwa kituoni. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na sheria ya Zanzibar ya 2010 na ya Kenya ya 2016 zinashika njia hiyohiyo.

Sielezi haya ili kumtetea mvuvi wa sumu, nitafika kwake. Nataka kwanza tuone jinsi mjadala wa utupa unavyoendeshwa. Bwana samaki anasema ni sumu. Bwana shamba anasema ni dawa. Mtu wa kilimo hai anasema ni dawa isiyo na madhara kwa kuwa ni ya asili. Wote watatu wanazungumza kana kwamba utupa ni kitu kimoja kinachojulikana, na hapo ndipo wanapokosea pamoja.

Tuanze na jina. Pwani, neno utupa limekuwa likibeba zaidi ya mmea mmoja: kilichokuwa muhimu ni kazi, yaani kulevya samaki, na mimea mingine yenye utomvu mkali, ya jamii ya mnyaa, imetumika kwa kazi hiyo. Mmea ninaouzungumzia hapa ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Tephrosia vogelii. Neno la kwanza limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ni rangi ya majivu, kwa sababu ya vinyweleo vinavyoyafanya majani yaonekane kama yamepakwa vumbi jepesi. Neno la pili ni la Theodor Vogel, Mjerumani aliyekwenda na msafara wa Waingereza kwenye Mto Niger mwaka 1841 akafia kisiwani Fernando Po mwezi Desemba mwaka huohuo. Aliyeuandika mmea huu rasmi, mwaka 1849, ni Joseph Hooker. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wameshaupa majina yao na kuutumia kwa vizazi kabla Vogel hajapanda meli.

Ukiuona utupa hutausahau. Ni mmea wa shina laini, nusu jani nusu kichaka, unaoweza kumpita mtu kimo na kufika hata mita 3 au 4. Huishi miaka michache kisha hujichokea. Maua yake yana umbo la maua ya kunde na choroko, ila ni makubwa zaidi, meupe au ya zambarau, yamejipanga kwenye ncha za matawi. Maganda yake yana manyoya kama kitambaa cha mahameli. Mizizini kuna vinundu vyenye bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Kwa sifa hiyo utupa ni ndugu halali wa mbaazi, njugumawe na maharage. Tofauti ni kwamba ndugu hawa tunawala.

Sumu yenyewe inafanya kazi kwa namna ya kutisha kwa urahisi wake. Ndani ya chembe hai kuna vijitanuru viitwavyo mitokondria, ambamo chakula hugeuzwa nguvu kwa msaada wa oksijeni. Rotenoni na wenzake huziba hatua ya kwanza kabisa ya mlolongo huo. Oksijeni ipo, chakula kipo, lakini chembe haiwezi kuvitumia. Ndiyo maana samaki aliyetiwa utupa hupanda juu akitweta kama aliyekosa hewa, ingawa maji yanayomzunguka hayajapungukiwa na kitu. Na kwa nini samaki afe wakati anayemla mezani asidhurike? Kwa sababu samaki huipokea sumu kupitia matamvua, moja kwa moja kwenye damu, kiasi kidogo mno kikitosha. Mwanadamu huipokea tumboni, ambako hufyonzwa polepole, kisha ini huivunja. Pia sumu hii haipendi jua: ikikaa mwangani hupoteza nguvu kwa siku chache. Tabia hizo mbili zimeipa sifa ya kuwa sumu ya kistaarabu, sifa ambayo nadhani imezidishwa, na nitasema kwa nini.

Si Afrika pekee iliyogundua ujanja huu wa kulevya samaki. Watu wa misitu ya Amazoni walitumia mizizi ya mimea ya jenasi Lonchocarpus, na watu wa Asia ya Kusini-Mashariki mizizi ya Derris. Mabara matatu, mimea tofauti, ukoo mmoja wa kunde, kazi moja. Mfaransa Emmanuel Geoffroy aliitenga sumu hiyo kutoka kwenye mmea wa Guiana ya Kifaransa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1895. Mwaka 1902 Mjapani Kazuo Nagai aliipata kwenye mmea wa Taiwani, akaipa jina linalotokana na jina la mmea huo, na jina la Mjapani ndilo lililoshika. Baadaye unga wa mizizi hiyo ukawa bidhaa ya kuua wadudu wa bustani Ulaya na Marekani. Jambo moja liliutofautisha utupa na ndugu zake wa ng'ambo: wao huficha sumu mizizini, kwa hiyo kuivuna ni kuung'oa mmea, utupa huiweka majanini. Unachuma, unachipua, unachuma tena. Idara ya Kilimo ya Marekani iliuchunguza kwa sababu hiyohiyo na kutoa taarifa yake mwaka 1972, ikiutazama kama zao linaloweza kulimwa kwa ajili ya sumu yake.

Sasa nirudi kwa mvuvi. Katika jamii nyingi za bara, kutia utupa halikuwa jambo la mtu mmoja na tamaa yake. Lilifanywa kiangazi, kwenye mabwawa na vidimbwi vilivyoachwa na mto uliopungua, ambavyo jua lingevikausha na samaki wake wakafa vilevile. Wanawake na watoto waliponda majani, wakayasuuza majini ndani ya vikapu, wakasubiri, wakaokota. Kulikuwa na siku yake na wazee wake wa kuruhusu. Ukitia bwawa lililofungwa, hasara ina mpaka. Lakini ujanja huohuo ukihamishiwa kwenye mto unaotiririka, au kwenye vidimbwi vya miambani bahari inapokupwa, hesabu inageuka. Sumu haina tundu la wavu. Haichagui mkubwa ikamwacha mdogo. Vidimbwi vya miamba ndiyo chekechea ya samaki wa pwani. Mtu anaondoka na samaki wa kitoweo cha siku mbili na nyuma yake ameacha vifaranga vya samaki ambao wangekuwa kitoweo cha mwaka kesho. Kwa hiyo sheria, kwa upande huu, naiona ni ya haki, hata kama inamkuta maskini kuliko tajiri.

Isipokuwa sheria ilifika wakati utupa wenyewe ulikuwa umeshaanza kupitwa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Viktoria baada ya habari kwamba wapo wavuvi wanaotumia sumu. Sumu iliyozungumzwa haikuwa majani yaliyopondwa. Ilikuwa viuatilifu vya dukani, vilivyotengenezwa kwa ajili ya mashamba. Viwanda vya minofu vilisimama, wachuuzi wakakosa wa kumuuzia, na Uganda, Tanzania na Kenya zilihangaika kwa miezi mingi kuufungua mlango huo, kila moja kwa wakati wake. Tukumbuke tofauti iliyopo: samaki wa utupa anapikwa na kuliwa, na sumu iliyobaki majini huisha kwa jua. Samaki wa kiuatilifu cha dukani anaweza kumuua mlaji. Katika vifungu vya sheria vyote viwili ni sumu, na katika kosa la uvuvi sina ugomvi na hilo. Katika mazungumzo ya kijijini, kuvichanganya kumekuwa na gharama. Mvuvi anayesikia kila siku kwamba utupa na dawa ya pamba ni mamoja, huchagua ile isiyohitaji kuponda.

Wenye mamlaka nao hawakuepuka lawama. Mwaka 1997 jimbo la California lilitia rotenoni Ziwa Davis ili kumwondoa samaki aina ya paiki. Ziwa hilo lilikuwa chanzo cha maji ya kunywa ya mji wa Portola. Wananchi waliandamana, na serikali ikaishia kuwalipa fidia ya mamilioni ya dola. Mwaka 1999 paiki wakaonekana tena ziwani. Mwaka 2007 ikabidi kazi irudiwe, safari hii kwa mazungumzo marefu zaidi na wenyeji. Wazee wa bwawa la kiangazi wangewaambia mapema kwamba maji ya watu hayatiwi kitu kabla ya watu wenyewe kukaa kikao.

Tuache maji, twende shambani, maana huko ndiko maisha mapya ya utupa yalipo. Wakulima wa Malawi, Zambia, Uganda na Tanzania wameutumia kwa kupe wa ng'ombe, kwa wadudu wa ghalani, kwa vidukari wa maharage, na wengi huupanda kuzunguka shamba wakiamini kwamba fuko hapiti. Kuhusu fuko nina shaka, na nimegundua kwamba anayeuapia sana ni yule ambaye shamba lake halikuwa na fuko tangu mwanzo. Kuhusu maharage, ushahidi ni mzuri. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, pamoja na wenzao wa Uingereza, walichapisha majaribio ya kaskazini mwa Tanzania ambamo walilinganisha maji ya utupa, alizeti pori na mimea mingine na kiuatilifu cha kiwandani. Kipimo kilikuwa asilimia 10: kilo 1 ya unga wa majani makavu kwa lita 10 za maji, na sabuni kidogo ili dawa ishike. Wadudu waharibifu walipungua, na mavuno yakakaribiana na ya dawa ya dukani. Jambo lililonivutia zaidi ni la pembeni: buibui na wadudu rafiki, wanaokula wale waharibifu, walibaki wengi zaidi kwenye mashamba ya majani kuliko kwenye yale ya kiwandani. Dawa iliyonyimwa sifa ya ukali ndiyo iliyowaachia walinzi wa shamba uhai.

Lakini shika kalamu tupige hesabu ambayo vipeperushi huiruka. Ekari 1 ya maharage, tuseme inataka lita 200 kwa mpulizo mmoja. Kwa kipimo kile ni kilo 20 za unga mkavu. Ukipuliza kila wiki kwa wiki 6, ni kilo 120. Huo ni unga, uliotokana na majani mabichi mengi mara kadhaa ya uzito wake, yaliyochumwa, yakaanikwa kivulini kwa kuwa jua hula sumu, yakatwangwa, yakachekechwa, yakalowekwa usiku kucha, kisha maji yakabebwa kutoka kisimani. Nani anayetwanga? Katika nyumba nyingi ninazozijua jibu halihitaji uchunguzi. Tunasema dawa ya utupa ni ya bure kwa sababu hatumlipi anayeitengeneza. Mkulima anayetoa fedha mfukoni kununua chupa dukani si lazima awe mjinga aliyedanganywa na matangazo. Huenda mkewe amemwambia wazi kwamba kinu kimechoka. Atakayeleta mashine ndogo ya kusaga majani kijijini atakuwa ameusaidia utupa kuliko semina kumi.

Kwenye rutuba utupa una sifa zake zinazostahili. Ukiachwa shambani miaka miwili au mitatu badala ya kuliacha shamba likae bure, huangusha majani mengi yenye naitrojeni, na mahindi yanayofuata huonyesha tofauti. Watafiti wa kilimo mseto waliueneza sana Malawi na mashariki mwa Zambia kwa kazi hiyo, na mbuzi hawausumbui sana, jambo ambalo mwenye shamba lisilo na uzio atalithamini. Kuna mwiba, hata hivyo: mizizi ya utupa huwalisha minyoo fundo, wale wanaofanya mizizi ya mazao ivimbe na kudumaa. Majaribio ya Kenya yalionyesha kwamba maharage yaliyopandwa baada ya mapumziko ya utupa yaliweza kuwakuta minyoo hao wameongezeka wanawasubiri. Anayelima mahindi baada yake hana wasiwasi mkubwa. Anayelima nyanya au tumbaku afikiri mara mbili.

Naja kwenye neno asili, ambalo kwangu ndilo lenye madhara kuliko sumu yenyewe. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa panya rotenoni polepole kwenye damu kwa wiki kadhaa, na panya hao wakapata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Mtu anaweza kusema, na ni kweli, kwamba hakuna mkulima anayejidunga utupa mshipani. Mwaka 2011 ukaja uchunguzi wa wakulima wa Marekani wenyewe: waliowahi kutumia rotenoni walionekana kuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa huo mara mbili na nusu ya wasioitumia. Idadi ya waliochunguzwa haikuwa kubwa, na uhusiano pekee haumtaji mkosaji, ila haulali kirahisi. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaamua mwaka 2008 kuiondoa rotenoni katika orodha ya viuatilifu vyake, na Marekani matumizi yake yamebaki kwenye kuua samaki tu. Kwa miongo mingi kabla ya hapo, bidhaa hiyohiyo ilikuwa kipenzi cha wakulima wa kilimo hai, kwa hoja kwamba imetoka kwenye mmea.

Mama anayetwanga kilo 120 za majani makavu bila kitambaa puani anavuta vumbi lake. Hilo halimaanishi aache. Dawa nyingi za dukani anazoweza kupuliza badala yake ni kali zaidi kwa mwili, na huzipuliza akiwa pekupeku. Linamaanisha kwamba anayemfundisha kutwanga amfundishe pia kujifunga kitambaa, kunawa, na kutokuweka unga wa utupa kwenye kopo lililokuwa la uji. Mbegu za kupanda zichanganywe nao bila hofu. Maharage ya kula, ningeyaweka kando.

Nimebakiza jambo lililonifanya niandike. Mwaka 2012 watafiti wa bustani ya mimea ya Kew na wa Chuo Kikuu cha Greenwich walichapisha walichokikuta walipopima utupa kwenye mashamba ya wakulima wa Malawi. Kulikuwa na aina mbili ndani ya jina moja. Aina ya kwanza ilikuwa na sumu iliyotarajiwa, kiungo kikuu kikiwa degwelini, binamu wa rotenoni. Aina ya pili haikuwa nayo kabisa. Ilijaa kemikali nyingine ambazo hazikuwazuia wadudu wa kunde ghalani. Kwa mbolea ilifaa. Kwa dawa ilikuwa majani tu. Mwaka 2019 timu iliyowajumuisha watafiti wa Arusha ilipanua kazi hiyo Afrika Mashariki ikataja aina tatu, ya tatu ikiwa na mchanganyiko wa mbili za mwanzo. Machoni pa mkulima zote ni utupa.

Hapo ugomvi wa miaka mingi unapata maelezo. Jirani mmoja anaapa kwamba utupa umemwokolea maharage, jirani wa pili anaapa kwamba ni uzushi wa wazungu na maofisa ugani, na huenda wote wawili wanasema kweli. Yule wa pili akirudi dukani, hatatajwa kwenye takwimu yoyote kama mtu aliyepewa mbegu isiyo na kitu. Atatajwa kama mkulima asiyependa mabadiliko.

Nina dhana yangu kuhusu jinsi tulivyofika hapa, na msomaji aichukue kama dhana. Zamani aliyepanda utupa aliupanda kwa ajili ya samaki. Alikuwa na kipimo kisichodanganya: akitia majani bwawani na samaki wasiibuke, kichaka kile hakikuwa na maana, na hakuna aliyehangaika kuhifadhi mbegu zake. Mvuvi, bila kujua, alikuwa maabara na mteuzi wa mbegu. Kisha mambo mawili yakatokea kwa wakati unaokaribiana: uvuvi wa utupa ukakatazwa, na mmea ukaanza kusambazwa kwa ajili ya rutuba. Anayetafuta rutuba huchagua kichaka kinachokua haraka na kuzaa mbegu nyingi, sumu haimhusu. Mbegu zikagawiwa kwa magunia, zenye nguvu na zisizo na nguvu pamoja, kisha miaka michache baadaye watu walewale wakaambiwa mmea mliopewa kwa mbolea ni dawa pia.

Kurudisha sumu mtoni ili kupima mbegu ni jambo ambalo sitalipendekeza. Lakini kunde zilizobunguliwa hazikosekani katika nyumba yoyote ya mkulima. Chukua chupa mbili za kioo, weka kunde safi sawasawa, tia wadudu 20 wa kunde kila moja, na moja uichanganye na kijiko cha unga wa majani ya kichaka chako. Funga kwa kitambaa kinachopitisha hewa, weka mahali pasipopigwa jua, hesabu wafu kila asubuhi kwa siku tano. Fanya hivyo kwa kila kichaka unachotaka kuchukua mbegu, na ukifungie uzi shinani chenye majani yaliyoua.